Waliopigwa na Bingwa Wetu

Jumanne

Leo tena wateja wamebishana kibandani kwangu, cherehani ikinguruma, kama bondia wetu wa uzito wa juu amewazidi mabingwa wa zamani kwa kuwa hajawahi kushindwa. Papa Idi, aliyepigana sana Bukavu enzi zake, akachoka kuwasikiliza.

"Siye tulikuwa tunapigana bakubwa kwa bakubwa. Nilipiga, nikapigwa. Huyu amepiga ba nani?"

Wakamcheka. Mimi sikucheka. Najua amepiga nani, maana bukta zao nimeshona mimi. Wote ni wabeba mizigo wa pale mpakani Rusizi I. Wanashinda na magunia mgongoni, jioni wanapandishwa ulingoni. Kwa kuwa ni wepesi mno, kabla ya kupimwa uzito wananyweshwa maji mpaka mizani ikubali. Rekodi gani hiyo? Na watu wanampigia vigelegele!

Jioni mdogo wangu Hamadi akatoka mpakani, shingo imejaa unga wa magunia.

"Yaya, mukubwa wangu, unipime bukta. Ni miye nitapigana naye Jumamosi."

Nikamkatalia. Nikapiga kelele mpaka jirani akachungulia. Akanisubiri nimalize.

"Siku moja muntu atamupiga. Juu ya nini isikuwe miye?"

Ninaogopa, basi.

Nikampima. Kiuno chembamba kuliko vyote nilivyowahi kupima kwa kazi hiyo. Nikakata kitambaa, nikaongeza nafasi tumboni kama nilivyowaongezea wenzake, kwa ajili ya yale maji.