Majani Manne Chini ya Gari Letu

Chanika, Handeni,
Jumatatu, 13 Septemba 1954.

Mpendwa mdogo wangu Fabiani,

Marahaba. Nimeitikia kabla hujaamkia, maana najua adabu uliyonayo, nilikufunza mwenyewe. Habari za huko Kigoma? Shemeji Lea hajambo, na kile kifua chake kimepona? Watoto je, wanakula? Sisi hapa wazima, isipokuwa bega la shemeji yako Stefania. Siku hizi akitwanga debe moja mkono unakufa ganzi. Mimi sijaumwa hata jino tangu Pasaka. Vijana wa hapa wakiniona napandisha gunia garini wanaona haya.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Mwalimu alitaka kuniandikia nikamkatalia. Darasa la pili la misheni ya enzi zetu si sawa na la sita la sasa? Herufi zikilala njiani, ziamshe usome.

Nianze na neno lako la mwezi uliopita, kwamba pikapu letu tuwape wafua chuma walifanye mapanga. Nilimsomea Stefania, akacheka mpaka akakaa chini. Fabiani, nusu ya gari hili ni yako, sikatai. Lakini nusu yako ni ile ya nyuma, na ndiyo iliyokuwa mbovu. Tangu tulinunue kwa yule mzungu wa mkonge, ukilipakia magunia matano linakaa kama kuku anayetaga. Sasa nusu yako nimeitengeneza. Usinishukuru.

Sababu ni hii. Sisi watu wa Chanika tulichanga mahindi misimu miwili tukaagiza mashine ya kusaga, akina mama wapumzike na kinu. Kisagio nilikileta mwenyewe mwezi wa saba, na msingi wa saruji tukaujenga karibu na kisima, kiwanja cha wote. Imebaki injini. Imefika stesheni ya Korogwe, wiki mbili sasa. Ni kipande kimoja, huwezi kukigawa safari mbili, na uzito wake ratili elfu mbili. Gari letu lilizaliwa kubeba nusu yake.

Sadala mwenye duka ana lori. Akasimama barazani akasema ataileta bure, ila isimame uani kwake. Maana yake unaielewa. Ufunguo mfukoni mwake, na asiyenunua sukari dukani kwake atasaga jua likizama. Wazee wakaanza kuitikia kwa vichwa. Nikainuka. Nikasema injini italetwa na gari la Yordani na itakaa kisimani.

Sadala akasema, "Mzee Yordani, heshima yako ipo, lakini gari lile libebe mayai. Na mayai yenyewe uyafunge."

Watu wakacheka, hata mashemeji. Basi nikaapa mbele yao wote: nikishindwa, namkabidhi Habakuki mhunzi gari zima alikate mapanga. Nusu yako nayo nimeiapia, unisamehe, ulikuwa mbali. Wamenipa mpaka Jumatano hii.

Nikaenda Hale, kwenye shamba la mkonge nilikotumika miaka ishirini na miwili. Nyuma ya karakana kuna lori bovu limeota majani. Msimamizi ananijua, nani asiyenijua kule? Akaniruhusu kufungua springi zake. Nikachagua majani manne, vile vyuma bapa vinavyolaliana kwenye springi, upana sawasawa na ya kwetu, niongeze mawili kila upande. Lakini yalikuwa yamenyooka kuliko ya kwetu. Jani la springi lazima lipinde sawa na wenzake, ndipo wote washike mzigo pamoja.

Nikampelekea Habakuki. Sisi hapa, Fabiani, chuma tunakijua kwa jembe. Tukayatia motoni mpaka yakawa mekundu, tukayapinda vizuri, tukayafukia kwenye majivu yapoe taratibu. Yalipotoka yalikuwa mazuri kama mwezi mchanga. Nikayafunga garini mwenyewe, nikaita watu, nikapakia magunia kumi ya mahindi, uzito sawa na wa injini. Gari likasimama imara! Nikawaambia nendeni mkamwite Sadala.

Alipofika nikashusha magunia, nikidhani litainuka. Halikuinuka. Majani mapya yalikuwa yamelala kama mkeka. Sadala alinunua yai kwa mtoto apitaye akaja kunipa mkononi.

Siku mbili sikutoka nje. Stefania ndiye aliyempeleka mtu Korogwe kwa Isihaka, yule aliyekuwa fundi wa magari ya jeshi wakati wa vita. Isihaka alikuja kwa baiskeli maili arobaini, akagonga jani moja kwa spana, akasikiliza.

"Mzee, mmeliua," akasema. "Springi si jembe. Jembe unalitaka laini liweze kunolewa. Hili unalitaka likumbuke umbo lake. Mkalipika mpaka likasahau."

Nilitaka kumfukuza. Lakini neno lile lilinikaa moyoni. Nikamuuliza, basi dawa? Akasema kafungue mengine, na moto yasiuone. Lile lori la Hale lilikuwa na springi za mbele pia, nikarudi kuzifungua. Tukaweka jani juu ya vipande viwili vya reli, likiwa baridi hivyo hivyo, tukaligonga kwa nyundo kutoka ncha hadi ncha, pigo dogo dogo, hata mia mbili, na kila mara kulilinganisha na la zamani. Isihaka aligonga moja. Matatu nimegonga mimi na umri huu. Akaleta na boliti ndefu za kukumbatia ekseli, maana zile za zamani, kwa unene wa majani yale, nilikuwa nimezifunga kwa ncha tu.

Jana nimepakia magunia kumi, nikashusha, gari likainuka lenyewe kama mtu aliyeitwa jina. Likiwa tupu sasa limeinua kiuno kama bata anywaye maji, na barabarani linaruka. Stefania kapanda mara moja tu akashuka: "Nimeolewa na Yordani, sikuolewa na punda." Isihaka amenionya kwamba springi nimeongeza, breki sikuongeza, kwa hiyo kwenye miteremko niende kwa gia ndogo. Nimemsikiliza. Andika hilo mahali.

Kesho alfajiri tunakwenda Korogwe, mimi na Isihaka. Barua hii nakwenda nayo mfukoni. Injini ikifika Chanika, naiposti hapa Handeni. Nikishindwa, naiposti Korogwe, nikiwa nakaa stesheni kungoja lori la Sadala. Ungetazama muhuri kwanza ungejua kama bado una nusu gari.

Msalimie sana shemeji Lea, na watoto mmoja mmoja, na Bernardo wa mjomba kama bado yuko huko kwenye meli. Dada Grasiana anakusalimu, anauliza utakuja lini. Mungu aliyewavusha wazee wetu kwa miguu kuja kwenye mkonge awavushe na ninyi kila mto.

Ni mimi kaka yako nikupendaye hata ukisema mapanga,
Yordani.

Ijumaa. Bahasha nilikuwa nimeshaifunga, nimeipasua. Muhuri umeshauona. Tulitoka Korogwe Jumanne saa nne. Kwenye kilima cha mwisho Isihaka alishuka akatembea nyuma na gogo la kuzuia tairi, nami naimba kwa sauti ili nisiisikie injini ya gari inavyolia. Hakuna jani lililolala, hata moja. Sadala amekuja, ameinama chini ya gari kitambo, akauliza fundi ni nani. Nikasema ni mimi. Isihaka akakohoa, nikaongeza jina lake.

Yai lake nimemrudishia, limechemshwa.

Injini tumeifunga jana pale kisimani, na akina mama walikubaliana Stefania asage wa kwanza, kwa ajili ya bega. Ametoka kule sasa hivi, akaishika karatasi hii nimsomee nilivyokuandikia habari zake. Hizo alama nyeupe pembeni si vumbi la njia. Ni vidole vyake.