Blanketi Lililovunja Mkono

Mdogo wangu mpenzi,

Sisi wazima. Wifi yako kapaka jikoni rangi ya njano, sasa tunakula kama tumo ndani ya yai.

Picha ya eksirei ya mkono wako nimeipata. Umemwambia daktari ulianguka kwenye ngazi. Lakini nimepiga picha za eksirei miaka thelathini na moja: anayevunjika mkono wa juu kwa kuanguka, mara nyingi huvunjika karibu na bega. Wewe umevunjika katikati ya bega na kiwiko, na ufa umezunguka mfupa kama nyoka kwenye fimbo. Mkono huo ulisokotwa. Binti yako kaninong'oneza kwenye simu, "Mjomba, mama alikuwa anakamua blanketi tu."

Najua unaona aibu. Ila mfupa wenye afya hauvunjwi na blanketi. Huenda kuna kitu kimeudhoofisha, na daktari hatakitafuta akiamini habari ya ngazi. Chuma watakachokuwekea kitaunga mfupa, hakitautibu. Dereva mmoja alivunjika akivuta breki ya mkono. Alisema kweli, akapimwa, akatibiwa, na hadi leo anaendesha.

Upasuaji ni Alhamisi. Mwambie daktari Jumatano. Ijumaa nakuja, na hilo blanketi nitalikamua mwenyewe.

Ni mimi, kaka yako usiyeweza kumdanganya.