Pilau Iliyonukia Vizuri

Temeke, Jumatatu, Juni 1973

Hata sasa siamini. Pilau iliyochemka, iliyonukia mtaa mzima, ndiyo iliyotufanya wageni wa hitima tuharishe usiku kucha!

Shomari, aliyetualika, anasema mpangaji wake Mama Zuhura ametia sumu. Yeye ndiye aliyepika. Shomari anataka mama huyo ahame kesho.

Nilikwenda zahanati makala ya gazeti iko tayari kichwani, ya kumsulubu aliyemuuzia Shomari nyama, kupe yule mnyonya watu. Daktari akauliza tu pilau ilipikwa lini. Nikasema Jumamosi jioni. Ikafunikwa, tukaila Jumapili mchana, vuguvugu.

"Basi. Kuna bakteria ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Chakula kikipoa polepole kwenye sufuria kubwa, zinaamka na kuzaana. Wala hutasikia harufu."

Vitabu vyote nilivyosoma, na bado nilikuwa naamini pua!

Nikarudi kuwaeleza watu uani kwa Shomari. Akanicheka. "Mwalimu, wadudu wako hawaonekani, na mchawi haonekani. Tofauti iko wapi?"

Watu wakaangua kicheko. Mie, ninayewanyamazisha wasomi mikutanoni, nikageuka kuondoka.

Mama Zuhura alinifuata hadi mlangoni. "Kwa hiyo si mimi, kaka?"

"Si wewe. Ni kule kulaza chakula."

Akakaa chini pale pale, akalia. Nilidhani analia kwa kusingiziwa. Kumbe tangu asubuhi alikuwa anajiuliza ametia nini kwa makosa.

Kesho nitakaa mlangoni pake. Shomari akitaka kumtoa, aanze na mimi.