Radhi ya Mama

Chiola, Jumanne jioni

Kumbe kuomba radhi nako ni ushahidi. Leo mahakamani Nachingwea wametusikilizisha sauti ya Mama kutoka kwenye simu: "Nisamehe, shemeji, kwa mikorosho yako." Mwendesha mashtaka akasema hapo Mama amekiri kuikata.

Hakuikata! Alisema hivyo kwenye usuluhishi wa kesi ya shamba kati yake na Baba Mkubwa, kaka wa marehemu Baba, katika baraza la kata. Kwetu mdogo huomba radhi kwanza, hata kama hana kosa, ndipo mazungumzo yaanze. Na mwenyekiti aliahidi kwamba ya humo ndani hayatoki nje.

Baba Mkubwa alikuwa anarekodi, simu imo mfukoni.

Wakili wetu alisimama. "Mheshimiwa, maneno ya usuluhishi ni siri. Upande wa mashtaka umeyapataje?"

Hakimu hakuinua hata macho. "Sauti ni yake au si yake?"

"Ni yake, lakini..."

"Pingamizi limekataliwa."

Nilitaka kupiga kelele. Mimi, ambaye hata darasani sijibu mpaka niitwe jina.

Nje Baba Mkubwa alicheka. "Shemeji, una sauti nzuri. Utawaimbia wenzio gerezani."

Mama akifungwa, mimi na wadogo zangu tutakwenda kuishi kwake. Hatuna kwingine.

Tuliporudi nikamwaga mboga kwa bahati mbaya. "Nisamehe, Mama."

Akanizaba kofi, la kwanza maishani mwangu.

"Usiseme hivyo tena kwa mtu yeyote. Hata kwangu."