Nilienda Mamboleo Kutafuta Methi

Jumatano, mwezi wa tano. Mvua tangu alfajiri, kisha jua kali kama limetukanwa, kisha mvua tena.

Daftari, leo situlii. Nimeketi mara tatu na kusimama mara nne. Mwalimu wa ngumbaru alituambia tuandike kila siku hata kama hatuna la kusema. Leo ninalo. Kigujarati, lugha ya mama yangu, siwezi kuandika hata jina langu. Hizi herufi za Kiswahili ndizo nilizopewa uzeeni, basi nazitumia.

Mjukuu wangu ana siku saba na mama yake hana maziwa. Sitaizungusha habari. Hansa, mke wa mwanangu, anamweka mtoto kifuani, mtoto anavuta, anavuta, halafu analia mpaka uso unakuwa rangi ya biringanya. Jana mwanangu Kirit alileta kopo la maziwa ya unga, akaliweka mezani, akasema, "Ba, kesho kutwa asubuhi tunalifungua." Ba ndilo jina langu humu ndani, maana yake mama, maana yake bibi pia. Wanawake wa soko la Kibuye wakilisikia hucheka, huuliza huyu mama ni baba ya nani.

Nimelea watoto watano bila kopo. Sijisifu.

Haya, najisifu.

Kwetu mzazi hupewa methi, yaani uwatu, ili maziwa yatoke. Mbegu nilimpa Hansa, nikazisaga na samli na sukari guru, zikamchoma tumbo. Linalotakiwa ni jani, bichi, la asubuhi. Tangu Kirit apate kazi ya mitambo kwenye kiwanda cha sukari na sisi kuhamia Kisumu, huu mwaka wa tatu, methi naipata Kibuye kwa Mama Akoth. Mbegu nilimpa mimi mwenyewe kutoka jikoni kwangu, akazipanda shambani kwake Ahero. Saa mbili asubuhi nilikuwa mbele yake. Bamia alikuwa nazo. Nikachukua moja nikavunja ncha, kwa sababu bamia isiyolia ikivunjwa ni kamba.

"Wewe Ba! Umevunja, umenunua!"

"Nikinunua bila kuvunja nitavunja meno."

Hiyo ndiyo salamu yetu. Lakini leo hakucheka mpaka mwisho. Mto umeingia shambani, methi yote iko chini ya maji, na kuku wawili wamekwenda nao. Akanielekeza kwa mama mmoja wa Mamboleo, pale njia panda, anayeuza mboga za Wahindi.

Nikaenda. Nyumbani sikumwambia mtu.

Mamboleo ni malori na matope. Huyo mama mwenye mboga sikumwona. Nikamuuliza fundi wa baiskeli, "Methi iko wapi?"

Akanitazama kutoka kichwani hadi kwenye patapata za miguuni. "Metho?"

"Ndiyo, methi."

"Ya wewe mwenyewe, Mama?"

"Ya mke wa mwanangu. Amejifungua juzi tu."

Akatikisa kichwa kama mtu aliyeona mwisho wa dunia, akanionyesha kwa kidole nyumba ya mabati nyuma ya kinu cha unga.

Ndani walikuwa wanaume sita wamezunguka chungu kikubwa, kila mmoja na mrija mrefu mdomoni. Waliponiona wakaganda. Mmoja akafunika kikombe kwa kofia. Nikadhani ni wagonjwa wanavuta dawa. Nikasema kwa sauti, ili nisipunjwe, "Nataka methi mafungu mawili, ya leo, si ya jana!"

Wakaangua kicheko, mpaka mabati yakaitikia.

Mwenye nyumba, mwanamke wa umri wangu mwenye mikono kama mihimili, akaja akipangusa macho. Jina lake Mama Awino. "Mama, metho hapa tunapima na kikombe. Fungu hatuna." Kumbe kwa Kijaluo metho ni kunywa, na kunywa kwenyewe si chai.

Kwetu Gujarat, kule India, pombe imekatazwa na serikali. Nyumbani kwangu haiingii hata kwa jina. Na mimi, mjane, nimesimama katikati yake na sari yangu nyeupe.

Ningeondoka. Badala yake nikalia. Mbele ya wanaume sita! Sijalia mbele ya watu tangu mume wangu afe.

Mama Awino akawafukuza wote. "Tokeni! Mvua haijawahi kuua mlevi." Akaniketisha kwenye kreti, akasikiliza mambo ya Hansa na mtoto mpaka mwisho. Kisha akanipeleka nyuma ya nyumba, akaanza kuchuma majani. Wao huyaita dek, kwa Kiswahili mgagani. Nayajua. Miaka mitatu nayapita Kibuye yakiwa milima, nayaita chakula cha mbuzi. Niliyaita hivyo kwa sauti, na wauzaji walinisikia.

"Hii ndio tunapea mama amezaa," alisema. "Chemsha, mwaga maji ya kwanza, weka maziwa, iive polepole. Ni chungu. Atazoea."

Nilikuwa nimeshashika fungu langu aliponiuliza, "Na akinyonyesha, wewe unakaa wapi?"

"Pale pale kitandani. Namshikia mtoto kichwa. Namwambia akae hivi, asikae vile."

"Kila saa?"

"Kila saa."

"Ai, Mama! Hata ng'ombe ukimsimamia hivyo anaficha maziwa. Toka kwa hiyo chumba."

Iliniuma. Nikamjibu vibaya, nikamwambia mpika pombe hanifundishi malezi. Hakukasirika. "Sawa. Mimi nimezaa tisa na kopo sijui inafunguliwa wapi. Chukua mboga yako, uende kabla mvua irudi."

Njia nzima nilibishana naye kichwani. Nilishinda kila mara. Lakini nilipokaribia nyumbani nikayakumbuka mabega ya Hansa. Nikiingia chumbani, mabega yake hupanda mpaka masikioni. Nimeyaona siku saba, nikadhani ni baridi.

Nikapika kama nilivyoambiwa. Hansa akauliza, "Ni methi, Ba?"

"Si methi. Ni mboga ya watu wa hapa. Kula."

Akakunja uso, akaomba pilipili, akamaliza bakuli. Mtoto akaanza kulia. Akamchukua, halafu akanitazama. Alikuwa anangoja nianze kuelekeza.

Nikamwambia nina kazi nje.

Sina kazi yoyote. Nimekaa kwenye ngazi na daftari hili, mlango umefungwa, jua linaelekea ziwani, na mtoto amelia kwa muda ambao ningeweza kupika chapati kumi. Mara mbili nimejikuta nimesimama na mkono uko kwenye kitasa. Mara mbili nimeurudisha. Kisha nikamsikia Hansa anaimba polepole, wimbo wa kwao ambao sijawahi kuusikia. Siku saba hizi hakuimba hata neno.

Sasa mtoto amenyamaza.

Ananyonya, au amechoka kulia? Mlango hauna tundu. Nimeangalia.

Mimi si mtu wa kukaa nje. Mama mkwe wangu alinisimamia watoto wote watano, nami nilimchukia kimyakimya kwa kila mmoja, halafu nikakua nikawa yeye. Haya sijayasema kwa mtu. Wewe daftari huna mdomo.

Kopo liko mezani. Kesho lifunguliwe au lisifunguliwe, ataamua Hansa, si Kirit, si mimi. Nami nitaingia nikiitwa.

Sijawahi kungoja kuitwa ndani ya nyumba yangu mwenyewe.