Mtoto Wangu Ananiwekea Kiganja Puani

Kwako Bibi Mshauri wa gazeti letu,

Salamu nyingi kutoka Changamwe, mwili wangu mzima ila moyo si mzima, na kabla sijaeleza nataka ujue mimi si mtu wa kulia ovyo, nilisoma misheni mpaka darasa la nne, na jioni majirani huja barazani kwangu niwasomee gazeti, majibu yako nayasoma kwa sauti na kusema, "Huyu bibi ana akili," basi leo ni zamu yangu mimi, na siku itakayotoka hii nitawaambia gazeti halikufika, na majina yabadilishe utakavyo.

Nina binti wa miaka minane, Kahaso, kifungua mimba wangu, na sisemi kwa kuwa ni wangu, lakini mtoto kama huyu hapa kwetu hayupo, anawashinda wavulana kusoma, akiimba kanisani wazee wanageuza shingo, na ulimi wake, Bibi, ni wembe. Jina ni la mamake mume wangu, na sisi Wagiriama mjukuu na nyanya ni watani, nyanya humwita mjukuu mke mwenzangu na babu humwita mke wangu, basi hawa wawili walikuwa wakitaniana kutwa, sisi tunacheka mpaka machozi. Mara ya mwisho nyanya alikuwa anakuna nazi, akamwambia, "We mke mwenzangu, uji huu wa maji umenipikia ili nife umrithi mume wangu?" Mtoto akashika kiuno, akajibu, "Kufa basi upesi! Mzee kachoka na mifupa yako, anataka mke mwenye meno!" Haki ya Mungu, nyanya mwenyewe alicheka mpaka akaanguka kwenye mbuzi ya nazi, nami nikasema moyoni, huyu nimemzaa mimi. Wiki ile ile maskini mama mkwe akazidiwa na uvimbe wa miguu uliokuwa ukimsumbua tangu wakati wa vita, akafariki, Mungu amlaze pema.

Siku ya kuondoa matanga shemeji yangu mmoja akaanza utani, akamwambia babu, "Mzee Nguma, wewe unalia nini na mke mdogo yupo? Haya Kahaso, nyumba sasa yako!" Watu wakacheka, na mtoto wangu akajikojolea pale pale mbele ya wageni, mtoto mkubwa vile, nikaona haya, nikampiga kofi, nikamwambia, "Utaniua wewe kwa aibu!" Akapiga ukelele ambao sijapata kuusikia kwa mtoto, na tangu hapo, Bibi, ulimi wake ule umekwisha. Haongei ila neno moja moja. Akighadhibika anajiziba mdomo kwa mikono miwili na kutikisa kichwa. Aligombana na mwenzake Dhahabu shuleni, kesho yake Dhahabu akapata homa, hii homa yetu ya mbu tu, lakini Kahaso hakula mpaka alipomwona amerudi darasani, na babu yake akija kututembelea anajificha nyuma ya choo. Mimi ni mjamzito, mimba kubwa, mchana hujinyoosha kwenye mkeka, na nikifumbua macho namkuta amechutama karibu nami, kiganja chake ameniwekea puani, anapima kama ninavuta pumzi. Bibi, nimezaa mtoto wa kutamba naye, sasa namwogopa. Tumbo langu haligusi kabisa, nikimwambia, "Njoo umsikie mdogo wako anavyocheza," anarudi nyuma kinyumenyume kama aliyeona nyoka.

Shangazi yake Nyamvula amekuja na neno lake. "Wifi, wewe na vitabu vyako huoni? Marehemu anamwita somo wake, mwenye jina lake. Mtoto huyo atakwenda, na akienda hatakwenda peke yake." Akanitazama tumbo. Mume wangu Charo naye akirudi kutoka kazini bandarini anakubali tu, na sasa ameitwa mganga, Jumamosi ya mwisho wa mwezi mtoto atafunikwa shuka, ngoma zipigwe, aulizwe mbele ya ukoo wote amefanya nini na anatakwa na nani. Kanisani sithubutu kusema, na kwa Nyamvula sithubutu kukataa, maana je, ikiwa ni kweli? Nikikataa wakafa wote wawili? Niambie mwanangu ana nini.

Mimi Mama Kahaso, Changamwe

Mama Kahaso,

Barua yako nimeitanguliza mbele ya zote kwa ajili ya hiyo Jumamosi. Pole, mama. Hofu yako naielewa, na mimba kubwa haikupunguzii.

Lakini wewe msomaji wa kijiji, barua yako mwenyewe umeisoma? Umeniandikia kwa majivuno jinsi mtoto alivyomwambia nyanya afe upesi, ukaandika kwamba wiki ile ile nyanya akafa, kisha unaniuliza mtoto ana nini! Anaamini amemuua. Mtoto wa umri ule huona kila jambo limetoka kwake, mama akinuna ni kwa sababu yake, mtu akiugua ni kwa sababu yake. Watu wazima mlijua ule ni utani. Yeye alijua pia, mpaka jeneza lilipotoka. Halafu mkamcheka, "Nyumba sasa yako," na wewe ukamalizia kwa kofi na kumwambia atakuua. Unamtaka afanye nini na huo mdomo, kama si kuuziba?

Tazama mambo yote uliyoyaona yanavyokwenda njia moja. Ugomvi na Dhahabu, homa, njaa. Hasira, mikono mdomoni. Babu anamkimbia kwa kuwa anaona amempokonya nyanya mume wake. Na wewe anakupima pumzi kwa sababu ulimwambia kwamba wewe ndiye unayefuata.

Hiyo Jumamosi iahirishe. Sikutukanii mila zenu. Ila mtoto anayejiona mwuaji, ukimfunika shuka na kumwuliza kwa ngoma amefanya nini, atakiri, na akishakiri mbele ya ukoo mzima hapana mtu atakayemwondolea hatia hiyo mpaka anazeeka. Nyamvula akikuuliza, mwambie mjamzito hataki ngoma nyumbani. Hilo hatalibishia.

Mketishe mnamenya muhogo, macho yenu yawe kwenye visu. Mwulize, "Wewe unaona nyanya alikufa kwa nini?" Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kazi kwako, nyamaza hivyo hivyo. Usicheke, usimwambie ni upuuzi. Akishamaliza, mweleze miguu ile ilivyovimba kabla hajajua hata kusoma. Halafu Mzee Nguma aje, yeye ndiye mwenye haki ya kulisema, amwambie kwamba marehemu alikuwa akimsimulia majibu ya mjukuu wake kila jioni akicheka, na kwamba yeye mzee mwenyewe utotoni alimtania nyanyake vivyo hivyo. Neno "mke wangu" aliache mpaka mtoto aanze mwenyewe. Na wewe "utaniua" uitoe kinywani mwako, hata kwa mchezo. Akiendelea kukataa chakula, mpeleke hospitali, usingoje.

Siku atakapokujibu kwa utovu wa adabu, usimpige. Weka sufuria chini umshukuru Mungu.

Limebaki moja, na hili ndilo lililonifanya nikose usingizi juu ya barua yako. Utajifungua karibuni. Mweleze mapema kwamba mwanamke hulia akizaa, mtoto asije akasikia sauti yako nyuma ya ukuta akahesabu kosa jingine. Atakuuliza, "Mama, utakufa?" Usimwapie kwamba hutakufa, hiyo si ahadi yako kutoa. Mwahidi kwamba litakalotokea, liwe heri au liwe vingine, halitakuwa limetoka mdomoni mwake. Na useme hayo Charo akiwa ameketi hapo hapo, ayasikie neno kwa neno, ili asipokuwapo mama wa kumkumbusha mtoto, baba awepo.