Kwa Papa, Aliyeona Haya Kuishi kwa Mkwe

Papa,

Nakuandikia toka Pinga, nyumba ileile uliyokataa kuiita kwako. Vita bado vipo kule kwetu Masisi. Mashamba yetu ya mlimani yanalimwa na watu tusiowajua, na wanasema maharagwe yamezaa vizuri. Maharagwe hayajui mwenye shamba.

Watu tuliwaambia umekufa kwa ugonjwa wa moyo. Siri kwamba ulijiua haikukaa. Sasa wengine wanasema ulirogwa, wengine eti ulikosa imani. Nimewasikiliza wote. Mimi naona mambo ya kawaida zaidi: shamba lilikwenda, mama akafia njiani tukikimbia, kisha ukajikuta, mzee mzima, unalala kwa bwana wa binti yako. Kwa desturi yetu mkwe huheshimiwa kwa mbali, na huyo ndiye aliyekupa sahani. Ulimega matonge mawili ukanawa. "Nilishakula asubuhi," ulisema, na asubuhi hatukuwa tumepika.

Tena ulikuwa na ule ugonjwa wa mkojo. Usiku uliamka mara kwa mara, ukipita kando ya kitanda chetu kwa aibu. "Njo uzee," ulisema, yaani ndio uzee huo, basi. Mbuzi wako akikohoa ulimtafutia dawa siku hiyohiyo. Muuguzi alinieleza baadaye kwamba hata ugonjwa wako una dawa. Hilo linaniuma, Papa, kuliko mengine yote.

Sasa habari za dada yako. Shangazi alifika kwa miguu baada ya kijiji chake kuchomwa. Mwanzoni alifagia ua mpaka tukamkataza. Kisha akaacha kufagia, akaanza kugawa vitenge vyake, kimoja kwa binti yangu, kingine kwa jirani. "Mimi niko muzigo tu kwenu," alisema. Wanawake wakamsifu kwa ukarimu. Lakini na wewe uligawa. Koti lako mume wangu alilipokea kwa mikono miwili, siku chache kabla hujajiua.

Nikamkalisha jikoni, nikamuuliza wazi kama anataka kujiua. Mume wangu alinionya kuwa neno hilo huita kifo. Halikuita kitu. Shangazi alilia, akasema ndiyo. Hatukumwacha peke yake, na asubuhi tukampeleka kituo cha afya. Muuguzi huzungumza naye kila juma. Mume wangu amemjengea kijumba chake uani, chenye mlango wake na jiko lake, asile kwa kuona haya.

Hajapona. Kuna siku hataki kula. Lakini jana alimgombeza mume wangu kwa kuacha jembe mvuani, akamwita mvivu mbele ya majirani. Mume wangu alifurahi, akaenda kulitoa.

Nilikukasirikia, Papa, kwa muda mrefu. Hasira imechoka, nimebaki na hamu ya kukuona. Pumzika salama. Dada yako nitamtunza, nakuahidi. Na siku akinyamaza, nitamuuliza tena.

Binti yako